Jumla na Rejareja

Mimi ndiye niliyejumlisha.
Nalisema mapema, asije akatafutwa mwingine.
Karani Lamzira, ofisi ya afya, Kutaisi, ghorofa ya tatu,
dirisha linalotazama Mto Rioni na paa la soko.

Walitaka namba moja kwa kila hospitali.
Moja tu, alisema Bwana Otari, watu hawana muda.
Nikawapa.
Mlimani: mia tano walipasuliwa, arobaini na mmoja wakazikwa.
Mtoni: mia tano vilevile, ishirini na watatu.
Nikapiga mstari chini, kwa rula.
Hesabu ilikuwa sahihi.
Hilo ndilo linaloniuma, kwamba hesabu ilikuwa sahihi.

Gazeti likaichapa Jumatatu.
Kufika Ijumaa watoto walikwisha kuipa ya Mlimani jina:
Ngazi ya Makaburi.
Na mlangoni pa Daktari Eteri Lomtadze
mtu aliacha koleo.

Usiku mmoja wa Februari, theluji ikianguka,
jirani yangu Gurami alibisha, baba yake mgongoni,
tumbo la mzee gumu kama ubao.
"Lamzira, wewe unazijua namba. Juu au chini?"
Nikasema, chini.
Nilisema upesi, kama mtu anayeombwa chumvi.

Kilichompata mzee sitakisema.
Kwa mtu mmoja, namba haina ushahidi.
Nitasema tu kwamba nilirudi ndani mikono ikitetemeka,
na mezani palikuwa na maharage ya kesho.
Nikaanza kuyachambua ili mikono ipate kazi,
makubwa huku, madogo kule,
yaliyotobolewa pembeni,
hata neno lenyewe likanigeukia kidoleni:
kuchambua.

Asubuhi nikashuka stoo, kwenye mafaili elfu moja.
Sikujumlisha.
Niliwatenga waliokuja kwa miguu yao
na waliokuja kwa machela.

Wa miguu:
Mlimani mia moja, akafa mmoja.
Mtoni mia nne, wakafa wanane.
Wa machela:
Mlimani mia nne, wakafa arobaini.
Mtoni mia moja, wakafa kumi na watano.

Soma tena. Mimi nilisoma mara tatu, nikavua miwani.
Kwa wepesi, Mlimani ni bora.
Kwa wazito, Mlimani ni bora.
Watie kapu moja, Mlimani ni machinjio.
Hakuna namba iliyodanganya,
kila moja ilikula kiapo ikasema yake.
Uongo ulikuwa kapu.

Kumbe kila gari la wagonjwa kutoka milimani
hupanda moja kwa moja kwa Eteri.
Kumbe Mtoni wakishindwa kabla ya kisu, humpandishia yeye,
wao wakabaki na ngiri na vidole vya miguu.
Abebaye mzigo mzito ndiye huonekana akiyumba.

Na je, ningewatenga kwa umri?
Kwa mwezi? Kwa umbali wa kijiji?
Nani aliniambia hapa ndipo pa kukatia?
Chini ya kapu huenda kuna kapu.
Sijalala vizuri tangu siku hiyo.

Nilimpelekea Bwana Otari karatasi mbili.
Akasema, nipe moja.
Nikamwambia: Bwana, kwa jumla huuzwa sukari.
Hii ni rejareja, mtu kwa mtu, kidonda kwa kidonda.
Alizikunja zote mbili akaziweka chini ya kikombe.

Basi nikapanda mwenyewe.
Nilimkuta Eteri uani, koti juu ya nguo za upasuaji,
mikono miwili kwenye mpini.
Nikasema, mimi ndiye niliyejumlisha.
Hakuacha kazi.
"Koleo zuri," alisema, "halipindi.
Sogea kidogo, hapo ndipo magari yanapopita."